Gurudumu la Mbele la Pikipiki: Lipi Lafaa Njia Zetu?

Mwaka jana, kabla ya mvua za Machi, walifika ofisini kwetu wakulima watano kutoka Bonde la Lambwe, wanaume watatu na akina mama wawili. Walikuwa wameweka akiba pamoja ili wanunue pikipiki moja ya kupeleka maziwa kila asubuhi, lakini hawakupatana ni ya namna gani. Vijana wao walitaka ile ndefu yenye gurudumu kubwa la mbele, kama Yamaha DT 125. Wazee walitaka Boxer, kama za watu wa bodaboda. Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, sisi hatuendi mashindanoni. Tunataka maziwa yafike, na kijana wetu arudi na miguu yake yote miwili." (Mimi ni karani tu, lakini nilisomea ualimu, na jina hilo halijanitoka.) Swali kama lao nimeulizwa pia Uriri na Kehancha, kwa hiyo nimeona ni vema niyaeleze hapa yale niliyowaambia.

Kwanza tujifunze kusoma namba za tairi. Tazama ubavuni mwake. Ukiona 2.75-17, maana yake ni kwamba tairi lina upana wa inchi 2 na robo tatu, nalo huvikwa kwenye ringi ya inchi 17. Matairi mengine huandikwa kwa milimita, kwa mfano 90/90-21. Namba ya kwanza ni upana, milimita 90. Ya pili ni kimo cha tairi kwa kulinganisha na upana huo, asilimia 90, yaani milimita 81. Ya mwisho ni ringi, inchi 21. Kumbukeni ya kuwa gurudumu zima ni kubwa kuliko ringi. Gurudumu la ringi ya 17 lenye tairi la 2.75 hufika kimo cha sentimita 57 hivi. La ringi ya 21, lenye tairi la upana huo huo, hufika karibu sentimita 67.

Je, sentimita hizo kumi zina kazi gani? Nenda nyumbani ukafanye jaribio. Chukua toroli la shambani, lisukume lipite juu ya jiwe lenye ukubwa wa ngumi. Litagoma, nawe utalazimika kulivuta kwa nyuma. Kisha pitisha baiskeli kubwa ya inchi 28 juu ya jiwe lile lile: itapanda na kushuka bila ugomvi. Gurudumu dogo hulipiga jiwe kwa uso, gurudumu kubwa hulipanda. Na katika mashimo ni vivyo hivyo. Chukua shimo lenye upana wa sentimita 40 na kina cha kutosha. Gurudumu la 17 hutumbukia sentimita 8 hivi kabla ya kugusa ukingo wa pili. La 21 hutumbukia sentimita 6 na nusu. Tofauti ni ndogo machoni, lakini mikono ya mpanda pikipiki huihisi jioni, na foki na njiti huihisi kila siku. Ndiyo sababu pikipiki zilizoundwa kwa njia mbaya huwa na inchi 21 mbele na 18 nyuma.

Basi vijana walikuwa na haki? Nusu yake. Pikipiki ya namna hiyo ni ndefu. Mtu mfupi aliyebeba mzigo hafikishi nyayo zote mbili chini, na katika utelezi kutofikisha mguu ni kuanguka. Tena gurudumu kubwa ni zito kugeuza, ingawa likinyooka hushika njia vizuri. Na spea zake hazipatikani katika kila duka la Rodi Kopany au Rongo, lakini spea za zile za bodaboda ziko hata sokoni.

Hapa ndipo penye hatari ambayo hasa imenifanya niandike. Wako watu wanaonunua pikipiki ya inchi 17, kisha wanamwambia fundi awafungie gurudumu la 21 mbele. Usifanye hivyo. Jirani yangu mmoja alifanya, naye alisifiwa kijiji kizima kwa majuma mawili. Siku ya tatu ya mvua alishuka mtaroni na mzigo wa mahindi, foki zikajikunja hadi mwisho, tairi likagota juu na gurudumu likasimama ghafla. Alirushwa mbele, akavunjika mfupa wa bega, na msimu huo shamba lake lililimwa na wenzake. Foki fupi hazikupimwa kwa gurudumu lile. Hata kama tairi haligoti, breki ile ile ya zamani sasa ina gurudumu refu zaidi la kusimamisha, na nguvu yake barabarani hupungua kama sehemu moja katika saba. Na ikiwa saa ya mwendo huendeshwa kwa waya kutoka gurudumu la mbele, itakudanganya: ikionyesha 40, wewe unakimbia karibu 47.

Kwa hiyo acha ringi ya kiwandani, ushughulike na tairi. Katika njia zetu shauri hubadilika kwa udongo. Kwenye udongo mweusi unaonata wa Lambwe, tairi jembamba lenye meno marefu yaliyoachana ni bora, kwa kuwa hukata tope na kutafuta ardhi ngumu chini yake. Tairi pana hujaza nafasi iliyo chini ya madigadi, tope hushindiliwa humo, na gurudumu hukwama kama limefungwa kamba. (Kwa kweli faida kubwa ya zile pikipiki ndefu katika tope letu si gurudumu, ni madigadi yaliyowekwa juu sana.) Kwenye mchanga wa ufukoni, upande wa Karungu na Sindo, mambo hugeuka: tairi jembamba huzama, na lililo pana kidogo huelea. Na katika njia za miwa za Awendo, ambako matrekta yamechimba mifuo mirefu, usiukwee ukingo wa mfuo polepole kwa ubavu. Ama fuata mfuo mpaka mwisho, ama uuvuke kwa kuukata moja kwa moja.

Ukitaka tairi pana zaidi, panda ngazi moja tu, kwa mfano kutoka 2.75 hadi 3.00 kwa ringi ile ile, na hakikisha kidole kinapita kati ya tairi na foki kila upande. Tairi la mbele mara nyingi lina mshale ubavuni. Mshale uelekee upande gurudumu linakozunguka. Upepo usizidi kipimo cha kitabu cha pikipiki. Katika tope waweza kupunguza ratili 3 au 4 ili meno yashike, lakini ukirudi kwenye mawe au lami urudishe. Tairi lenye tyubu likilegea mno huteleza juu ya ringi, na valvu hukatika.

Bado jambo moja, nalo wengi hulisahau. Mitungi miwili ya lita 20 ikifungwa nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, uzito wake hulinyanyua gurudumu la mbele. Hapo hata tairi bora halishiki, kwa sababu halikukanyaga sawasawa. Usukani huwa mwepesi, na mlimani mbele huinuka. Sogeza mzigo karibu na mgongo wa mpanda pikipiki, na mitungi iteremke ubavuni badala ya kukaa juu ya kiti.

Wale wakulima watano walinunua Boxer. Mbele waliweka tairi la meno la kipimo kile kile cha 17, na seremala akawatengenezea chuma cha kubebea kilichosogezwa mbele kwa shubiri moja. Katika majuma yale ya Aprili ambapo udongo mweusi haupitiki kwa gurudumu lolote, pikipiki ililazwa nyumbani kwa mzee mmoja aliye kando ya barabara ya changarawe, na maziwa yalifikishwa hapo kwa punda.