Walifanya Mazoezi Kwanza

Wanachuo wenzangu, tukisikia "maandamano ya amani" wengi wetu tunawaza watu wapole waliozaliwa na subira. Sivyo. Hebu tuangalie Nashville, Marekani, mwaka 1960.

Wakati huo Mweusi aliruhusiwa kununua bidhaa kwenye maduka makubwa ya katikati ya mji, lakini akikaa kwenye kaunta ya chakula ndani ya duka hilohilo, hahudumiwi. Wanafunzi wa vyuo wakaamua kwenda kukaa. Ila kwanza walijifunza. Kwa miezi kadhaa walifundishwa na James Lawson, mwanafunzi wa theolojia aliyewahi kuishi India na kusoma mbinu za Gandhi. Walitumia kile ambacho sisi wa ualimu tunakiita igizo dhima: baadhi wanajifanya wahuni, wanatukana, wanavuta viti, wengine wanajizoeza kutorudisha ngumi na kukinga kichwa.

Tarehe 13 Februari wakaanza. Tarehe 27 wakapigwa, na polisi wakakamata zaidi ya 80 kati yao, si wale waliowapiga. Kundi moja likiondolewa, jingine linakalia viti vilevile. Weusi wa mji nao wakagoma kununua madukani.

Tarehe 19 Aprili nyumba ya wakili wao, Alexander Looby, ililipuliwa kwa bomu. Alinusurika. Siku hiyohiyo maelfu wakaandamana hadi kwa meya, Ben West. Diane Nash, mwanafunzi wa miaka 21, akamuuliza kama anaona ni haki kumbagua mtu kwa rangi yake tu. Meya akakiri si haki. Tarehe 10 Mei kaunta zikaanza kuwahudumia Weusi.

Mimi nina miaka 22. Mwaka jana tulipokwenda kudai haki yetu, mwenzetu mmoja alirusha jiwe. Kesho yake hakuna aliyelizungumzia dai letu. Gumzo lilikuwa dirisha. Sikurusha mimi, lakini wala sikujua nimzuieje, maana hatukuwahi kulifikiria hilo.

Kwa hiyo kabla ya kudai tena, tuchukue darasa jioni mbili tatu tujiulize: Dai letu ni lipi, kwa sentensi moja? Nani atasema? Tukichokozwa, tutafanya nini? Kisha tuigize, mpaka tuzoee.