Historia ya Rufiji katika Intaneti: Maswali na Majibu

Katika barua mlizoniletea juu ya kuitafuta historia ya Rufiji kwa njia ya intaneti, nimeziacha zile zinazouliza namna ya kufungua simu, nikazishika zile ambazo, zikikosa jibu, huzaa uzushi ukaenea hata ukaandikwa katika madaftari ya shule.

*Manowari ya Kijerumani iliyozama deltani ilibeba dhahabu, na yuko bwana auzaye ramani yake kwa WhatsApp. Tutahakikisha wapi? (Barua za namna hii ni nyingi, nimezijibu pamoja.)*

Msinunue. Manowari hiyo, Königsberg, tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha, mitambo yake ikiwa dhaifu na makaa yake yamepungua, ikajificha katika mito ya delta na kuzingirwa humo hata tarehe 11 Julai 1915, siku ambayo manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, zikielekezwa shabaha na ndege, ziliipiga hata nahodha wake, Max Looff, akaamuru watu wake wenyewe wailipue. Basi na tuzingatie. Wajerumani walikaa mtoni zaidi ya miezi minane, na nyuma yao ilikuwapo njia ya bara iendayo Dar es Salaam, njia ambayo kwayo sehemu za boila zilipelekwa kutengenezwa na kurudishwa, zikikokotwa kwa kamba na umati wa wenyeji. Je, aliyeweza kuhamisha boila angeshindwa kuhamisha kasha la dhahabu? Na baada ya meli kuzama waliiopoa mizinga yake yote 10, wakaitia magurudumu, wakaipigania nchi kavu. Mmoja mtauona leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Hiyo ndiyo hazina iliyokuwamo, na ilikwisha kutolewa.

Mwenye kutaka ithibati asome daftari za safari za manowari za Kiingereza za vita vile, zilizonakiliwa na watu wa kujitolea katika mradi wa Old Weather, ambao ulitafuta khabari za hali ya hewa ya zamani ukatuachia na khabari za vita. Kisha atazame orodha ya majalada ya jeshi la bahari la Ujerumani yaliyohifadhiwa Freiburg, orodha isomwayo bure katika mtandao wa Bundesarchiv. Muuza ramani hana sanadi yoyote: hataji alipoipata, wala nani aliichora, wala lini. Na linaloniudhi kupita uwongo wake ni hili, kwamba majina ya maofisa wa Königsberg yameandikwa, na majina ya waliozikokota boila hayakuandikwa, nanyi mnapoteza jioni zenu kuitafuta dhahabu ilhali wajukuu waliosimuliwa majina hayo wangali hai katika vijiji vyenu, na hakuna aendaye kuwauliza.

*Sisi wanafunzi wa Kibiti, Bungu na Ikwiriri tukiandika "Kibiti" au "Rufiji" tunapata habari za mafuriko na siasa tu.*

Mnauliza kwa tahajia ya leo jambo lililoandikwa jana. Mjerumani aliandika Rufiyi, mara Rufidji. Na Kibiti, ambayo imekuwa wilaya juzi tu kwa kumegwa kutoka Rufiji, katika nyaraka za zamani imo chini ya boma la Mohoro, kisha la Utete. Andikeni majina hayo pamoja na "Deutsch-Ostafrika", mkatafute katika Internet Archive, na katika majalada ya Wizara ya Makoloni ya Ujerumani, yenye alama R 1001, ambayo mengi yamekwisha kupigwa picha. Tafsiri ya mashine itawaonyesha ukurasa upi una faida; ukurasa wenyewe mpelekeeni ajuaye Kijerumani. Wala msidhani kisichoonekana katika simu hakipo: majalada mengi ya Kijerumani yamo Dar es Salaam, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, na husomwa mezani.

*Je, niiamini programu ya akili bandia?*

Iulize kitabu na ukurasa, kisha ukitafute kitabu hicho. Usipokiona, jibu ni batili.

*Bibi Titi Mohamed alizaliwa Rufiji?*

La. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Rufiji ilikuwa jimbo lake la ubunge, akalipoteza mwaka 1965.

*Nimeandika insha ya Maji Maji kwa kutumia Kinjeketile, nikapewa alama mbaya. Kwa nini?*

Kwa haki. Tamthilia ya Ebrahim Hussein ni sanaa tukufu, na mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi kwamba mtu wake si yule wa historia. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, atafutwe kwa Gwassa na Iliffe, waliochapisha ushahidi mwaka 1968, na katika utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini.

*Imethibitishwa kwamba Rhapta ilikuwa deltani?*

Haikuthibitishwa. Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza kipatikanacho bure, chaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la Azania, na Profesa Felix Chami alichapisha mwaka 1999 khabari za shanga za Kirumi zilizofukuliwa upande wa Rufiji. Shanga ni hujja ya biashara. Mji wenyewe ungali ukitafutwa, na rai ya Chami, kwamba ulikuwa upande huo, ina nguvu kuliko nyingine bila ya kuwa hukumu.

*Babu ameacha sanduku la hati za herufi za Kiarabu. Niziweke mtandaoni?*

Kwanza zitoe katika unyevu, usizigandishe kwa plastiki, wala usimpe mpita njia asemaye atazirudisha. Zipige picha kwa mwanga wa mchana, ukurasa kwa ukurasa, hata ule mtupu, ukiandika zilikotoka na nani alikuwa mwenyewe. Kisha nenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako miswada ya Kiswahili imekusanywa tangu zamani, wakusomee. Na ruhusa ya kuzitangaza ulimwenguni iombe kwa warithi wote, kwa maana si mali yako peke yako.