Wiki tatu na kufuli la shilingi 8,000

Nilianza kwa hasira. Muuzaji mmoja Kariakoo aliniuzia kufuli kwa shilingi 8,000: "Shaba tupu hii, bosi wangu, mwizi atalala hapo hapo mlangoni." Nyumbani nikalikwaruza kwa tupa. Chini ya ile rangi ya dhahabu, chuma cheusi. Basi nikaapa kulifungua mwenyewe bila ufunguo.

Vifaa havina maneno mengi. Zile seti za mtandaoni zenye kulabu ishirini ni za kuwala watu hela, utatumia mbili. Za kwangu nilizitoa kwenye waipa mbovu ya gari, kile kipande chembamba cha chuma kinachokaa ndani ya mpira. Kimoja nilikipinda kiwe kigeuzio, cha pili nikakichonga ncha, nikapiga msasa. Na ufungue kufuli lako tu, tena lisilofunga kitu. Mama mwenye nyumba alinikuta uani nimeliinamia. Nikamwamkia. "Marahaba, Baba Asha. Kazi imekushinda, ndiyo umehamia huku?"

Hatua ni tatu. Kwanza, bana silinda kwa kigeuzio kama unayetaka kuigeuza. Pili, tafuta pini inayokataa kucheza, maana matundu ya pini hayatobolewi sawasawa kabisa na moja hubana kabla ya wenzake. Isukume mpaka ilie tik, utafute inayofuata.

Hatua ya tatu, kulegeza kigeuzio, ndiyo iliyokula wiki zangu tatu. Nilikuwa nakaza hadi kidole kinakuwa cheupe, pini zote zinabana kwa pamoja, sijui ipi ni ipi. Kilichoniokoa ni kukatika kwa umeme. Televisheni ya jirani ilizimika katikati ya mechi, mtaa ukanyamaza, nami kwa kukata tamaa nikakilegeza kigeuzio taratibu. Tik. Tik. Tik. Tik. Pini zilikuwa zinarudi chini, na kumbe zinahesabika! Kufuli lina pini tano. Zimeanguka nne, kwa hiyo imenishinda moja tu. Tangu hapo silegezi kwa pupa. Nalegeza kidogo kidogo, sikio karibu, nahesabu. Ukisikia kimya, hukuwa umepanga hata moja, uchovu wako wa bure. Usiku ule nilirudia, safari hii kigeuzio nikikigusa kama ninayebonyeza kitufe cha simu. Ya tano ilikuwa ya nyuma kabisa. Kufuli likaruka gizani, nikapiga kelele mpaka mtoto akaamka.

Mmarekani Alfred Charles Hobbs alitumia saa 51, zilizogawanyika katika siku 16, kulifungua kufuli la Bramah mjini London mwaka 1851, akapewa gini 200. Mimi niliambulia kubembeleza mtoto.

Asubuhi nikalipeleka Kariakoo, nikalifungua mbele ya yule muuzaji. Akatazama, wala hakuona haya. "Basi chukua hili la 15,000, bosi wangu."

Nimelichukua. Pini zake zimechongwa kiuno katikati: silinda inageuka kidogo, unashangilia, kisha inagoma. Hii ni wiki ya pili.