SOMO LA KIKUNDI: Maneno ya Kiingereza ya "Busara"



Mikutano yetu huwa kwa Kiswahili au lugha ya mama, lakini karatasi nyingi tunazotakiwa kutia sahihi huja kwa Kiingereza: fomu ya mkopo, barua ya wafadhili, hata katiba ya kikundi chenyewe. Leo tuangalie maneno machache ambayo sisi hutafsiri yote kuwa "busara", kumbe kila moja lina kazi yake.

Hebu tuseme katiba yenu inasema pesa za dharura zitatolewa kwa "discretion" ya mweka hazina. Mmoja anauliza maana. Katibu anajibu, "Ni kwa busara yake." Basi, wote mnapiga makofi na kutia sahihi. Baada ya miezi mitatu mnasikia ametoa shilingi 8,000 kwa mtu mmoja bila kuuliza yeyote. Mkigomba, anafungua katiba. Sasa hapo ndipo shida! "Discretion" katika karatasi kama hiyo maana yake ni uwezo wa kuamua mwenyewe jinsi aonavyo inafaa. Busara inatarajiwa, ndiyo, lakini mamlaka mmekwisha kumpa.

Haya ndiyo maneno mengine:

1. "Wise" ni mwenye hekima. Hekima hii huja na miaka na mambo mtu aliyopitia.

2. "Sensible" ni mwenye akili ya kawaida ya kila siku. Kufunga sanduku la pesa kwa kufuli ni jambo "sensible"; halihitaji mzee wa hekima. Usilichanganye na "sensitive", yaani mtu anayeguswa moyo upesi.

3. "Prudent" ni anayetazama mbele, akaweka akiba na kuepuka hatari isiyo na sababu. Neno hili lina asili ya Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kuona mbele. Sisi twasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 201, inatumia neno hili hili kueleza jinsi pesa za umma zinavyopaswa kutumiwa. Pesa za kikundi nazo zastahili hivyo.

4. "Judicious" ni anayepima pande zote kabla ya kuamua, kama kamati inayowasikiliza wote wawili waliogombania mpaka. "Judicial" ni neno lingine: ni mambo ya mahakama.

5. "Shrewd" ni mwerevu, anayejua kusoma watu na soko, asiyedanganyika. Angalieni: laweza kuwa sifa, laweza kuwa onyo. Zamani huko Uingereza lilikuwa na maana ya uovu. Hata katika Mathayo sura ya 10, panapotajwa nyoka, Biblia ya Kiingereza ya 1611 ilisema "wise", na nyingine ya karne ya 20 ikasema "shrewd". Yetu ya Kiswahili inasema busara.

6. "Discreet" ni mwenye kutunza mdomo. Mgonjwa akiomba msaada, kamati isitangaze ugonjwa wake sokoni. Lakini kutunza siri ya mtu si kuficha hesabu! Na likiandikwa "discrete", herufi mbili zimebadilishana nafasi tu, lakini maana ni vitu vilivyotengana, kila kimoja peke yake.

Basi tufanye nini? Kwanza, msitie sahihi siku ile ile karatasi inapoletwa. Pili, isomwe kwa sauti katika lugha ambayo wote wanaifahamu, pamoja na mama yule aketiye nyuma. Tatu, kila mnapokuta neno "discretion", ulizeni: nani anaamua, mpaka shilingi ngapi, na atatoa ripoti kwa nani? Majibu yaandikwe kwenye katiba. Kufanya hivyo si kumshuku mweka hazina. Ni kumkinga, kwa sababu mwenye mipaka hasingiziwi ovyo.

Maswali ya kujadili:

1. Katika katiba yetu, ni nani aliyepewa uwezo wa kuamua peke yake?
2. Mweka hazina wetu tunamtaka awe "prudent" au "shrewd"? Kwa nini?
3. Ni mambo gani ya mwanachama yasitoke nje ya kamati, na ni yapi lazima wote wayajue?