SOMO: DAFTARI YA ORDINATERE NA SHERIA MPYA



Siku hizi shule nyingi zinaweka majina na pointi za wanafunzi ndani ya ordinatere. Programu moja inayojulikana sana kwa kazi ile ni MySQL. Ndani yake habari zinapangwa katika tablo, na kila tablo iko na nguzo zake: jina, tarehe ya kuzaliwa, pointi. Mpango huo tunauita skema. Toleo jipya la programu linakuja na sheria mpya, na skema ya zamani inaweza kuzivunja bila mtu kugusa kitu. Tuangalie matata matatu ya safari ya kutoka toleo 5.7 (mwaka 2015) kwenda 8.0 (mwaka 2018).

1. Jina lililokamatwa. Toleo 8.0 lilijiwekea maneno mapya, kama rank na groups. Tuseme nguzo ya nafasi ya mwanafunzi iliitwa rank. Tablo inabaki salama, lakini ombi lililojibiwa jana, leo linarudishwa na kosa 1064. Dawa: kufunga jina lile kwa alama ` kila mahali linapoandikwa, ao, vizuri zaidi, kuligeuza.

2. Tarehe ya sifuri. Zamani mtu asiyejua tarehe aliandika 0000-00-00. Tangu 5.7 sheria ya kawaida inaikataa, na siku ya kugeuza tablo unapata kosa 1067 ao 1292. Wengine, juu ya haraka, wanaweka 1 Januari tu. Hapana! Kosa la mashini limekwisha, lakini uongo juu ya mtu umeanza, nao utamfuata mpaka kwenye karatasi za Examen d'État. Nguzo iruhusiwe kubaki NULL, ndiyo kusema «haijulikani», mpaka cheti cha kuzaliwa kionekane.

3. Ufunguo mrefu. Katika utf8 ya zamani herufi moja inahesabiwa baiti 3. Katika utf8mb4, baiti 4. Nguzo ya herufi 255 inatoka baiti 765 na kufika 1020. Lakini katika tablo za namna ya COMPACT ufunguo wa kutafutia haupiti baiti 767. Ndiyo sababu ya kosa 1071. Dawa: kuifanya tablo iwe DYNAMIC, yenye nafasi ya baiti 3072.

Njia ya kufuata

a) Fanya kopi ya daftari yote, uijaribu kopi ile kwanza. Kutoka 8.0 hakuna njia ya kurudi 5.7, kopi ya mbele ya safari ndiyo mlango pekee.
b) Ndani ya MySQL Shell, endesha checkForServerUpgrade. Itaonyesha matata mengi mbele ya kuanza.
c) Kosa likitokea, soma lile la kwanza: namba yake na jina la tablo. Rekebisha moja, jaribu tena. Mara nyingi la kwanza limezaa mengine.
d) Hesabu majina mbele na nyuma. Kama yalikuwa 412, yawe 412. Kila jina ni mtu.

Katika Luka 14 Bwana anatufundisha kuketi na kuhesabu mbele ya kujenga mnara. Hata kazi hii iko vile.

Zoezi: Kama herufi moja inaomba baiti 4, ni herufi ngapi nzima zinazoingia katika baiti 767? (Jibu: 191.)