Mzee Aulizwe Kwanza: Ushiriki wa Wananchi katika Utafiti wa Uzee na Maradhi ya Kusahau

Wakazi wa Bagamoyo na vijiji vya mwambao hadi Dar es Salaam si wageni wa utafiti wa afya. Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo Bagamoyo kilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi penye malaria nyingi. Kwa kuwa washiriki walikuwa watoto, mzazi au mlezi ndiye aliyepewa maelezo na kuridhia kwa niaba yao.

Utafiti wa uzee ni jambo la namna nyingine. Anayeombwa ridhaa ni mtu mzima aliyelea, akaozesha na kuongoza kaya kwa miaka mingi. Mazoea ya kumsainia mtoto hayapaswi kuhamishiwa kwake, hata pale kumbukumbu yake inapoanza kupungua. Hilo ndilo jambo kuu la somo hili.

Maradhi ya kusahau ni nini?

Kusahau mahali miwani ilipowekwa ni jambo la kawaida kwa kila mtu. Kupotea njia ya kurudi nyumbani kutoka msikiti au kanisa ulilohudhuria kwa miaka 30 ni jambo jingine. Maradhi ya kusahau hutokana na kuharibika kwa ubongo. Huathiri kumbukumbu, lugha, uamuzi na hatimaye uwezo wa kujihudumia. Hayatokani na laana, wala si sehemu ya lazima ya uzee. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani waliishi nayo, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Familia nyingi hunyamaza kwa kuona aibu au kwa kudhani kuwa ni uzee tu. Utafiti husaidia kuondoa giza hilo, ili mradi ufanywe pamoja na wananchi.

Funzo kutoka wilaya ya Hai

Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwafikia watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 au zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikadiria kuwa takriban watu 6 katika kila 100 wa umri huo walikuwa na maradhi ya kusahau.

Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa ughaibuni kwa watu waliosoma shule. Humtaka mzee achore umbo, aandike sentensi au afanye hesabu. Mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu hushindwa, na akili yake ni timamu. Kwa sababu hiyo, watafiti wa Hai na wenzao wa Nigeria walitengeneza kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika. Badala ya kuchora, mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata umbo alilooneshwa.

Tuone maana yake kwa mwambao wetu. Mvuvi mzee wa Kaole anaweza kujua majira ya maji kujaa na kupwa bila kutazama popote, lakini asijue tarehe ya leo kwa kalenda ya ofisini. Pengine anaijua kwa mwezi wa Kiislamu. Kipimo kikimhesabu kuwa mgonjwa, si yeye tu atakayeumia: dawa, bajeti na mipango ya hospitali itajengwa juu ya hesabu yenye kasoro. Wa kwanza kuiona kasoro hiyo ni wazee wenyewe na wanaowatunza. Kwa hiyo wanapaswa kusikilizwa kabla maswali hayajachapishwa.

Ushiriki una ngazi tatu

Ngazi ya kwanza ni kupimwa au kuhojiwa. Ya pili ni kushauri: kusema swali lipi halieleweki, saa ipi inafaa, na nani aingie nyumbani. Ya tatu ni kushiriki katika uamuzi: jambo gani lichunguzwe, na matokeo yarudishwe vipi. Mkutano wa kijiji, baraza la wazee na kikundi cha wanaotunza wagonjwa ni mahali panapofaa kudai ngazi hizo mbili za juu. Mtafiti makini hufurahi kuulizwa.

Ridhaa ya mtu ambaye kumbukumbu inapungua

1. Kuugua maradhi ya kusahau hakumwondolei mtu haki ya kuulizwa. Wengi, hasa mwanzoni mwa maradhi, huweza kuamua wakielezwa polepole, kwa Kiswahili chepesi, saa ambayo akili yao imetulia.

2. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye na upande, kisha aweke alama ya dole gumba kama anakubali.

3. Ikiwa mzee hawezi tena kuelewa, mwakilishi anayetambulika kisheria ndiye huombwa ridhaa. Hata hivyo, Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linataka kukataa kwa mgonjwa mwenyewe kuheshimiwe. Mzee akiuvuta mkono wake au akigeuka, amekwishajibu.

4. Ridhaa ya jana si ya leo. Kila ziara mzee aulizwe upya, na anaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza matibabu yake ya kawaida.

Maswali ya kuuliza mlangoni

- Je, utafiti una kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR)? Kama ni jaribio la dawa, je, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) imeidhinisha?
- Je, uongozi wa kijiji au mtaa una taarifa?
- Damu au picha za ubongo zitahifadhiwa wapi, na kwa muda gani?
- Nani ataona majina yetu? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.
- Mzee akigundulika ana maradhi, atapelekwa wapi?
- Nani atarudi kutueleza matokeo, na lini?

Vipimo vya utafiti havipaswi kutozwa fedha. Nauli inayorejeshwa ni fidia ya safari, si bei ya kukubali. Anayeahidi tiba ya uhakika, au anayeharakisha saini, msimruhusu kuendelea.

Mkiwa na malalamiko

Dai nakala ya fomu ya ridhaa na uitunze. Fomu halali huwa na namba ya simu ya kiongozi wa utafiti na ya kamati ya maadili. Kamati hiyo si sehemu ya timu ya watafiti, hivyo unaweza kuieleza bila hofu. Kuhusu matumizi mabaya ya taarifa, malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Maswali ya kujadili nyumbani na kikundini

1. Katika kaya yenu, nani angemsemea mzee iwapo hawezi kuamua? Je, mzee mwenyewe amekwishaulizwa anamtaka nani?
2. Ni swali gani la kupima kumbukumbu lingemfaa mzee wa kijiji chenu ambaye hakusoma?
3. Ni jambo gani kuhusu uzee mngependa watafiti walichunguze kwanza?

Swali la kwanza lisisubiri mtafiti abishe hodi. Lijibiwe sasa, mzee akiwa bado anaweza kujisemea.