Ruta Ina Pande Mbili: Tujifunze Kuiunganisha



Vikundi vingi siku hizi vina kompyuta mbili tatu ofisini na laini moja ya intaneti. Kazi ndogo ikitokea twaita fundi, na fundi ni pesa. Basi leo tujifunze wenyewe.

Ruta ni nini?

Ruta ni kama lango la boma. Ndani ya boma ni mtandao wa ndani, yaani LAN: kompyuta, printa na simu za jengo moja. Nje ni mtandao mpana, yaani WAN, unaovuka miji na nchi. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS, zilizofika Mombasa mwaka 2009, ni sehemu ya njia hiyo ya nje. Ruta hukaa langoni na kupitisha ujumbe kutoka upande huu hadi ule.

Hatua za kufuata

1. Zima ruta, kisha tazama matundu yake ya nyuma. Moja limeandikwa WAN au Internet. Mengine, mara nyingi manne, ni ya LAN.
2. Kebo inayotoka kwa modemu ya kampuni ya intaneti ichomekwe WAN.
3. Kebo za kompyuta zichomekwe LAN. Kebo moja isizidi mita 100.
4. Washa modemu kwanza. Ngoja dakika chache, ndipo uwashe ruta.
5. Kwenye kompyuta, fungua anwani iliyoandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Badilisha neno la siri la kiwandani. Ukiliacha, mgeni anaweza kuingia na kuharibu mipango yako.

Tulivyokosea sisi

Tuliongeza ruta ya pili kwa chumba cha cherehani. Tukavuta kebo kutoka LAN ya ruta ya kwanza, tukaichomeka LAN ya pili, tukaenda zetu. Kesho yake vijana walikuja kutuma fomu za mkopo wa masomo, na ilikuwa siku ya mwisho. Kompyuta nusu zilikataa intaneti.

Kumbe kila ruta hugawia kompyuta anwani na kuzionyesha lango la kutokea. Zilizopewa na ruta ya pili zilielekezwa kwa lango lisilo na barabara. Tulichomoa ruta hiyo na kuzima kompyuta zote, tukaziwasha upya, na fomu zikaenda jioni. Baadaye tulizima kazi yake ya kugawa anwani, inayoandikwa DHCP, na kuipa ruta yenyewe anwani tofauti na ya kwanza. Haijatusumbua tena.

Ya kujadiliana kikundini

- Ruta yenu: tundu la WAN ni lipi?
- Nani anajua neno la siri, na limeandikwa wapi?
- Fundi asipopatikana, nani mwingine anaweza?

Msiache ujuzi huu kwa mtu mmoja. Akihama, ofisi hubaki gizani.